Panga Masomo ya Mwaka wa Kwanza Ukianzia Mwaka wa Tatu

Kila mwaka, wiki ya usajili ikifika, ofisi yangu haikauki watu. Mimi nafundisha kemia, na juu ya kufundisha nimepewa kazi ya kuwashauri wanaoanza shahada za sayansi. Wanaingia na simu mkononi, orodha ya masomo iko wazi kwenye kioo, na maswali yao hayapishani sana: lipi jepesi, lipi lina mwalimu mkarimu wa alama, na mtu anaweza kubeba masomo mangapi bila kuelemewa. Ni maswali ya haki kabisa. Ila mimi huanza na langu: mwaka wa tatu unataka uwe unasoma nini?

Wengi huguna. Mwaka wa tatu uko mbali, na wao hata maktaba hawajajua ilipo. Lakini masomo ya sayansi hayachaguliwi moja moja. Yamefungamana kama mnyororo: hili halisomwi mpaka lile limepita, na lile nalo lina la kwake linalolitangulia. Ukiushika mnyororo huo kwa mwanzo wake, yaani kwa orodha ya mwaka wa kwanza, utaona majina mengi yasiyohusiana, na utachagua kwa uvumi au kwa saa ya kipindi. Ukiushika kwa mwisho wake, orodha ile ile inajipunguza yenyewe. Masomo mawili au matatu yanabaki kuwa ya lazima kwako, hata kama mwongozo wa chuo umeyaandika kuwa ya hiari.

Tuchukue fizikia. Anayetaka kusoma fizikia ya kwanta mwaka wa tatu atakutana na mlinganyo aliouchapisha Erwin Schrödinger mwaka 1926. Huo ni mlinganyo tofautishi: unaeleza jinsi kitu kinavyobadilika kadiri wakati na mahali vinavyobadilika. Ili uweze kuutatua unahitaji somo la milinganyo tofautishi, ambalo kwa kawaida ni la mwaka wa pili. Somo hilo mara nyingi linataka kalkulasi ya vigeu vingi, nayo inataka kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, ya kwanza na ya pili. Sasa hesabu mihula kwa kurudi nyuma. Kalkulasi ya kwanza inaangukia muhula wa kwanza kabisa, na anayesema "nitaichukua nikishazoea mazingira" tayari amesogeza kila kilicho mbele yake. Pembeni kuna aljebra ya mstari, ile ya vekta na matriksi (majedwali ya namba), ambayo wanafunzi wengi huiona kama somo la kujazia nafasi.

Kuhusu matriksi kuna kisa ambacho sichoki kukisimulia. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, aliandika hesabu mpya ya atomu yenye kanuni ya ajabu ya kuzidisha: A mara B haikutoa jibu sawa na B mara A. Yeye mwenyewe hakujua kwamba wanahisabati walikuwa na jina la kitu hicho. Mkubwa wake wa kazi, Max Born, aliitafakari karatasi ile mpaka akakumbuka: haya ni matriksi, aliyofundishwa na Jakob Rosanes alipokuwa mwanafunzi kule Breslau. Wanafizikia wa siku zile hawakuwa na haja kubwa na matriksi, na Heisenberg hakuwahi kuyasoma. Born alikuwa ameyasikia darasani ujanani, basi akajua pa kuanzia. Siku hizi hakuna anayehitaji bahati ya namna hiyo, kwa kuwa orodha ya masomo inayataja matriksi waziwazi. Tatizo ni kwamba watu wanaipita.

Kwenye kemia, ambako ndiko nyumbani kwangu, mshangao uko mahali pengine. Wanafunzi wanajua kwamba kemia ya jumla inatangulia kemia ogani, ile ya misombo ya kaboni, na kwamba kemia ogani inatangulia biokemia. Wasichokitazamia ni kemia ya kifizikia. Wakifika huko wanakutana na thamodinamiki, na kurasa zake zimejaa kalkulasi ya vigeu vingi: nishati inabadilikaje halijoto ikipanda huku kanieneo ikiwa palepale, na inakuwaje kanieneo ikibadilika huku halijoto ikiwa palepale. Aliyeikimbia hisabati mwaka wa kwanza kwa sababu "mimi ni mtu wa kemia" anajikuta anajifunza mambo mawili kwa pamoja, na mtihani haumsubiri. Darasa hilo nimelifundisha. Wanaoanguka humo, mara nyingi kemia yenyewe wanaijua.

Biolojia ndiyo inayozushiwa zaidi: eti ni sayansi ya asiyependa namba. Mwaka 1908 peke yake unatosha kuupinga uzushi huo. Mwaka huo mwanajenetiki Reginald Punnett alimpelekea G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, swali lililokuwa likiwatatiza wanabiolojia: kama sifa fulani ya kurithi ni tawala, mbona haienei mpaka ikawameza watu wote? Hardy alijibu kwa aljebra fupi inayojulikana na kila mwanafunzi wa jenetiki, p² + 2pq + q² = 1 (p na q ni sehemu za aina mbili za jeni moja), akaonyesha kwamba uwiano hubaki ulivyo kizazi hadi kizazi iwapo hakuna kinachousukuma. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Weinberg, alifika hapo hapo kivyake mwaka huo huo. Na ni mwaka huo huo ambapo William Gosset, aliyesoma kemia na hisabati Oxford kisha akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, alichapisha kwa jina la kujificha, Student, njia ya kupima tofauti pale sampuli zinapokuwa chache. Jaribio la t ambalo mwanafunzi wa biolojia analifanya leo kwenye ripoti ya maabara lilitoka kwa mkemia wa kiwandani aliyelazimika kuelewa takwimu.

Na hapo sijagusa fizikia. Kwenye utando wa neva iliyotulia kuna tofauti ya umeme ya takriban milivolti 70, na bila kuielewa huwezi kueleza ujumbe unasafirije mwilini. Molekuli inayosambaa yenyewe, umbali ukiwa mara mbili, inahitaji muda mara nne, na hiyo ni sababu mojawapo ya seli nyingi kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Charles Darwin mwenyewe, alipoandika kumbukumbu za maisha yake uzeeni, alijutia kwamba hakuendelea na hisabati angalau hadi kuelewa misingi yake mikuu. Aliwaona walioijua kama watu wenye hisi ya ziada. Mtu aliyeandika kitabu kikubwa kuliko vyote vya biolojia! Basi anayeniambia anataka biolojia, nampa kemia, namwekea takwimu mapema, na hisabati kadiri atakavyovumilia kunisikiliza.

Kuna mtego unaowanasa hata waliopanga vizuri, nao ni masomo yanayofanana majina. Vyuo vingi hufundisha fizikia ya namna mbili mwaka wa kwanza: moja inatumia kalkulasi, nyingine inaishia kwenye aljebra na imetengenezwa kwa ajili ya wanaoelekea sayansi za afya. Kalkulasi nayo huwa na toleo la wanahisabati na wahandisi, na toleo la sayansi za maisha. Kemia ina toleo la wasiokusudia kuendelea na kemia. Hakuna ubaya katika lolote kati ya hayo, na mengine yanafundishwa vizuri kuliko yale "makubwa". Ubaya ni kulipita kwa alama A halafu kugundua kwamba somo la mwaka wa pili unalolitaka halilitambui. Kwa hiyo usisome jina, soma msimbo wa somo, yaani namba yake rasmi kwenye orodha ya chuo. Tena usiishie kwenye maelezo ya somo unalolichukua. Nenda kwenye maelezo ya lile litakalofuata, uone lenyewe linataka nini.

Ukiwa huko huko, angalia jambo moja zaidi ambalo halipewi uzito unaostahili: somo linafundishwa mihula yote miwili au mmoja tu? Somo linalotolewa mara moja kwa mwaka, ukilikosa au ukianguka, linakula mwaka mzima. Na likiwa katikati ya mnyororo, mwaka huo unahama nawe mpaka mwisho wa shahada. Nimewaona wanafunzi hodari wakikaa chuoni mwaka wa nyongeza kwa ajili ya somo moja la mwaka wa kwanza waliloliahirisha kwa kuwa kipindi chake kilikuwa saa mbili asubuhi.

Lakini vipi asiyejua anataka nini mwaka wa tatu? Hao ndio wengi, na siwalaumu. Mtu wa umri huo ameonjeshwa sayansi tatu au nne tu, na pengine hajawahi kusikia kwamba kuna jiofizikia, sayansi ya vifaa au bioinfomatiki. Kwa asiyejua, ushauri wangu ni kuchagua masomo yanayotakiwa na minyororo mingi kwa pamoja: hisabati ya toleo kamili, kemia ya jumla, sayansi moja kati ya fizikia na biolojia, na nafasi ya nne iwe takwimu au utangulizi wa uprogramu. Uprogramu nausisitiza siku hizi kuliko zamani. Mwanajiolojia anachakata data za mitetemeko, mwanabiolojia anasoma mfuatano wa DNA, mwanafizikia anachora grafu za maelfu ya vipimo, na wote watatu unaweza kuwakuta wakiandika kwa lugha ya uprogramu iitwayo Python. Kujifunza hilo peke yako mwaka wa tatu, huku ripoti ya utafiti inadaiwa, ni adhabu.

Wasioamua hupenda kuniuliza kama wakikosea wanaweza kuhama. Wanaweza. Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alianza na shahada ya fizikia. Rosalind Franklin, ambaye picha zake za eksirei zilisaidia kufichua umbo la DNA mwaka 1953, alikuwa mkemia. Venki Ramakrishnan alipata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1976, kisha akarudi darasani kusoma biolojia upya, na mwaka 2009 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli. Fizikia, biolojia, kemia, yote kwa mtu mmoja. Ila tazama walikotoka na walikokwenda. Kutoka upande wenye hisabati nyingi kuja upande wenye hisabati kidogo, njia ni pana. Kurudi kinyume kunawezekana, nami nimeshawahi kumsaidia mtu kufanya hivyo, lakini alilipa kwa mihula miwili ya ziada ya hisabati tupu. Ndiyo maana kwa asiyejua naegemea huko.

Tuje kwenye mzigo, maana hapa ndipo mipango mizuri inapovunjikia.

Chuo hupima mzigo kwa krediti, na krediti zinadanganya kwa sababu zinafanana na idadi ya vitu. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa kupima saa. Katika mfumo wa Ulaya, ECTS, ulioanza mwaka 1989, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Zidisha: saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Uingereza mwaka ni krediti 120, na kila moja inahesabiwa saa 10, jumla saa 1,200. Marekani krediti moja maana yake ni saa moja darasani na angalau saa mbili nje ya darasa, kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Mwenye krediti 15 amekubali saa 45 kwa wiki. Mifumo mitatu tofauti, lakini ukigawa saa za mwaka kwa wiki za kazi unaishia karibu mahali pamoja: saa 40 au zaidi kidogo kila wiki. Mwanafunzi anayesema "nina vipindi kumi na sita tu" hajadanganya, ila ameisoma theluthi ya mkataba.

Halafu kuna maabara. Katika vyuo vingi kipindi cha maabara cha saa tatu kina krediti chache kuliko mihadhara ya saa tatu, kwa hoja kwamba kazi yake inaishia mle ndani. Haiishii. Kuna kusoma maelekezo kabla hujaingia, kuna mahesabu ya makosa ya vipimo, kuna grafu, kuna ripoti. Mwanafunzi mpya anayejifunza kuandika ripoti anaweza kutumia saa nne au tano kwa kila moja, hasa wiki za mwanzo. Kuna binti alinijia na mpango wa kemia, fizikia, biolojia na jiolojia katika muhula mmoja, "ili nijue ninachokipenda, mwalimu." Wazo lenyewe lilinifurahisha. Kisha tukakaa na karatasi: maabara nne za saa tatu, ripoti nne za saa nne, jumla saa 28 kabla hajahudhuria mhadhara hata mmoja wala hajafungua zoezi lolote. Nyuso hubadilika mbele ya hesabu kuliko mbele ya nasaha. Tulibakisha maabara mbili, tukaweka hisabati na uprogramu, jiolojia ikahamia muhula wa pili.

Sababu ya kuwekea hisabati hapo haikuwa mnyororo tu. Masomo yanachosha kwa namna tofauti, na mchanganyiko una maana kuliko idadi. Maabara inachosha kwa ripoti za kila wiki zisizokubali kuahirishwa. Hisabati na fizikia zinachosha kwa mazoezi ambayo hayajulikani yatachukua muda gani. Swali moja dakika kumi, jingine jioni nzima. Biolojia inachosha kwa wingi wa kusoma na kukumbuka. Uprogramu uko kimya wiki nyingi, kisha mradi unalipuka mwishoni. Ukiwa na masomo manne ya aina moja, yanakuzidi nguvu siku zile zile. Ukichanganya, angalau uchovu wa jioni ya maabara haukuzuii kukaa na kitu kingine kesho yake asubuhi. Nafasi ya asubuhi baada ya maabara naiachia wazi kwenye ratiba kila nikiweza. Ripoti inayoandikwa wakati vipimo bado viko kichwani huchukua nusu ya muda.

Kuna zoezi ninalomfanyisha kila mtu, na wengi hulifanya kwa kuninunia. Pata muhtasari wa kila somo, utoe tarehe zote za majaribio, ripoti na miradi, uziandike kwenye karatasi moja ya muhula mzima. Usiziache kwenye simu, ambako utaona siku moja moja. Karibu kila muhula una wiki ambapo majaribio ya katikati yote yanakutana, kwa sababu kila mwalimu amefikiri peke yake kwamba katikati ni pazuri. Wiki hiyo inajulikana tangu siku ya kwanza. Ajabu ni kwamba kila mwaka inawakuta watu kama mvua ya ghafla.

Nikisema mtu akadirie muda wake, huwa naongeza papo hapo kwamba makadirio yake yatakuwa madogo, hata akiwa makini. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao waliulizwa zitawachukua siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 33.9. Waliulizwa pia ingekuwaje mambo yote yakienda vibaya kabisa, wakasema siku 48.6. Kwa kweli zilichukua siku 55.5. Yaani hata walipojilazimisha kuwaza mabaya, uhalisia uliwapita. Na hao walikuwa wanafunzi wa mwisho wa shahada, wazoefu. Wa mwaka wa kwanza hajawahi kuandika ripoti hata moja ya chuo, kwa hiyo akiniambia saa mbili naandika tatu na nusu.

Wako wanaotaka kubeba somo la tano muhula wa kwanza. Kwa kawaida ni wale waliokuwa wakiongoza darasani shuleni, na wazazi wao wamewaambia wamalize mapema. Huwa nakataa, bila mjadala mrefu. Muhula wa pili, matokeo yakiwa mkononi, njoo tuzungumze.

Wengine wanataka kusamehewa somo kwa kuwa walilisoma shuleni, hasa kalkulasi. Hapo siwezi kujibu kwa kuwatazama. Nawapa mtihani wa mwisho wa somo hilo wa mwaka uliopita, wanakaa nao kwa muda uleule uliowekwa, bila daftari. Anayeufanya vizuri aruke, asipoteze muhula. Anayekwama alisome, kwa sababu shuleni mara nyingi umefundishwa kutafuta jibu, na chuoni utaulizwa kwa nini njia hiyo inatoa jibu. Wanaokwama hukasirika kidogo, kisha wakiwa darasani wananishukuru au hawanishukuru. Yote mawili sawa.

Anayefanya kazi ya kujikimu namwambia wazi: wiki ina saa 168, ukitoa za kulala 56 zinabaki 112, na kazi ya saa 20 pamoja na masomo ya saa 45, ukiongeza usafiri, kupika na kufua, haiachi nafasi ya kuugua hata siku mbili. Heri masomo matatu na shahada inayochukua muda zaidi. Kabla ya kupunguza, lakini, soma masharti ya ufadhili, ya mkopo au ya kibali chako cha kuishi huko unakosoma, kwa sababu mengi yanataka idadi fulani ya chini ya krediti, na anayeshuka chini yake hupata barua mbaya.

Baada ya usajili kuna kipindi kifupi ambacho mtu anaweza kuongeza au kuacha somo bila alama kubaki kwenye matokeo yake. Nakipenda kipindi hicho kuliko wiki ya usajili yenyewe, kwa sababu sasa kuna ushahidi. Ila ushahidi wenyewe usiupime kwa jinsi unavyojisikia ukisoma madesa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma maandishi tena na tena walijiamini zaidi, lakini baada ya wiki moja walikumbuka kidogo kuliko waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka bila kuangalia. Kwa hiyo wiki ya tatu chukua karatasi tupu, andika yote unayoyajua kwenye kila somo, kisha fanya swali moja la wiki ya kwanza bila msaada. Hapo ndipo utajua kama umeelemewa au umechoka tu.

Na ikibidi kuacha somo, watu wengi huacha lile linalouma. Alikuja kijana mmoja akiwa na fomu imeshajazwa: anataka kuacha kalkulasi. Alikuwa na kalkulasi, fizikia, kemia na somo la hiari la astronomia lisilo na hesabu, na mpango wake ulikuwa uhandisi wa umeme. Tukaangalia mnyororo. Kalkulasi ya pili inatolewa muhula wa pili tu, na bila ya kwanza hataingia. Fizikia ya umeme na sumaku inamngoja huko huko. Astronomia haitangulii chochote na inafundishwa mihula yote. Nikamwambia aache astronomia.

"Lakini, mwalimu, hilo ndilo pekee ninalofaulu."

Nilielewa. Si rahisi kumwambia mtu aliyepigwa wiki tatu mfululizo aache mahali pake pa kupumulia. Tulibadilisha fomu, tukatumia saa zilizookolewa kumwingiza kwenye kikundi cha mazoezi cha alasiri ambacho kilikuwa na nafasi, na tukahakikisha kwamba masomo matatu bado yanamweka juu ya kiwango cha chini cha mfadhili wake. Astronomia aliichukua mwaka wa pili. Fomu ile ya kwanza aliichana mwenyewe, kisha akaniomba nyingine, maana alikuwa ameandika namba ya usajili vibaya kwenye ya pili.